Barua Iliyobaki Mfukoni

Nakumbuka shati moja la polisi kuliko ninavyokumbuka nyuso nyingi, mwanangu. Lilikuwa la buluu, limefuliwa mpaka mabega yamepauka, na mfuko wake wa kushoto ulikuwa na kifungo. Barua yangu iliingia katika mfuko huo, na kaka yangu Ngoy akaingia gerezani.

Wakati huo nilikuwa kijana asiyekaa mahali. Shule niliiacha mapema, si kwa kuchukia kujua, bali kwa kutaka kujua yote kwa mara moja. Treni ikielekea Bukama, nami nimo. Nikisikia Kinkondja samaki wamejaa, nakwenda kutazama jinsi wanavyokaushwa. Ngoy hakuwa hivyo. Alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli hapa Kamina, kama baba yetu, na kila jioni ulijua utamkuta wapi.

Siku moja alipoteza karte yake ya mpiga kura, ile ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Alifanya inavyotakiwa: akaenda kwenye kituo kidogo cha polisi karibu na gare, stesheni ya treni, akaeleza, wakaandika, wakampa cheti cha kupotelewa. Cheti hicho kililoa mvua kazini mpaka kikawa kama uji, naye hakuomba kingine. Miezi ikapita. Kisha duka moja likavunjwa, na sakafuni, kati ya vipande vya vioo, ikaokotwa karte ya Ngoy.

Walimchukua akiwa bado na nguo za kazi. Nilimfuata hadi komisaria kubwa, kituo kikuu cha polisi. Ofisa aliyeshika jambo lake hakuwa mkali, na upole wake ndio ulionitisha.

"Anasema alitangaza kama karte ilipotea," aliniambia. "Basi mulete kopi ya kile cheti. Minyi siwezi kutafuta makaratasi ya biro, ofisi ingine. Mwisho wa juma dosie yake ya kesi inaenda parke kwa mwendesha mashtaka, na yeye anaenda gereza."

Niliandika barua ya kuomba kopi, moja tu, nikakimbia nayo kule karibu na gare. Mlangoni alisimama Kasongo, mtoto wa mama yangu mkubwa, ndani ya lile shati.

"Eh, mutembezi! Treni imekuangusha hapa?"

Nilimweleza. Aliisoma barua mistari miwili, akaikunja, akaitia mfukoni, akafunga kifungo.

"Iko mu mikono yangu. Ngoy si ndugu yetu? Enda, pumuzika."

Sasa sikia, mwanangu. Mimi nilijua kuna njia nyingine. Kwa udadisi wangu nilikuwa nimewahi kumuuliza mtu mmoja kwa nini watu huenda ofisini na barua mbili zinazofanana. Alinionyesha: moja inabaki kwao, ya pili wanaigonga muhuri na tarehe kwamba wamepokea, unarudi nayo. Yote hayo niliyajua. Lakini kumwambia ndugu wa damu anigongee muhuri? Kwetu hilo ni kama kumwambia usoni kwamba humwamini. Niliona haya. Nikamshukuru, hata samaki wa kukaushwa nikampelekea mkewe.

Kilichofuata ni kungoja, na kungoja kule sikutakii. Kila mchana shemeji yangu Mujinga, mke wa Ngoy, alitoka kumpelekea mumewe chakula, akapita kwangu na sufuria tupu. Hakusalimu. Aliuliza tu, "Karatasi iko wapi?" Pikipiki ikisimama nje, natoka mbio mlangoni. Nikienda kituoni, naambiwa Kasongo yuko doria. Nikirudi, naambiwa amepumzika. Mwishowe polisi mmoja mwanamke alinionea huruma.

"Kasongo bamemuhamisha ku mji wa Kabongo. Alishaenda na vitu vyake."

"Na barua yangu?"

"Barua gani?"

Siku hiyo hiyo walimpandisha Ngoy garini kumpeleka gerezani. Mujinga alikuwa njiani na sufuria. Aliona gari likimpita, akaona kichwa cha mumewe kwa nyuma.

Sikuweza kwenda nyumbani. Nilikwenda sokoni kwa Mze Radjabu, mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa ambaye babu zake walitoka Maniema. Mara nyingi nilimshushia mizigo. Alikuwa anapima kitambaa, wala hakuacha kupima.

"Uko na sura ya muntu mwenye treni imemuacha."

Nikamwaga yote.

"Barua ulimupa nani?" aliuliza.

"Ndugu yangu, Mze."

"Sijauliza ndugu. Nimeuliza biro gani."

 Ndipo akaweka mkasi chini.

"Kasongo hana roho mubaya. Alikupenda, njo maana alitia barua karibu na moyo. Lakini shati haina rejista. Shati inafuliwa, shati inahamia Kabongo. Weye ulitaka undugu ufanye kazi ya biro."

"Ningemuomba muhuri angekasirika, Mze."

"Angekasirika siku moja. Ngoy iko mu cachot, mu kifungo, siku ngapi?"

 Alinipa karatasi mbili nyeupe na kalamu yake mwenyewe. "Andika mara mbili. Na kwanza upite gerezani, Ngoy asaini kama ni yeye anakutuma. Bakikuuliza weye ni nani, usionyeshe meno. Onyesha karatasi."

Nilifanya hivyo. Katibu wa kile kituo aliuliza kweli mimi ni nani, nikamwonyesha saini ya Ngoy. Akataka kujua ni mwezi gani karte ilipotea, na wapi; hayo nilikuwa nimeyaandika. Akagonga muhuri kwenye nakala yangu bila hasira yoyote, kama mtu anayefunga mlango. Niliporudi siku aliyonitajia, nilitoa nakala hiyo kabla sijafungua mdomo. Akafungua rejista yao. Jina la Ngoy lilikuwa pale, limekaa muda wote huo, likingoja mtu aliulizie mahali pake.

Mwendesha mashtaka aliisoma kopi niliyompelekea, akalinganisha tarehe yake na ya kuvunjwa kwa duka, akamwachia. Ngoy alitoka amekonda, na kifua kile unachokisikia kikikohoa chumba cha pili mpaka leo alitoka nacho humo. 

"Mutembezi," alisema, "leo njo umefika mahali."

Hakunilaumu tena. Kikohozi chake ndicho kinachonilaumu.

Basi, mwanangu, ukihitaji karatasi ya polisi au ya mji, uliza kwanza ni ofisi ipi iliyoiandika, uende huko huko. Andika jina, mahali, na tarehe, hata ya kukadiria. Ikiwa jambo si lako, mwenyewe akusainie. Barua ziwe mbili, na usiondoke bila muhuri kwenye ya kwako. Wakikudai malipo, omba risiti kwa upole. Kopi utakayopewa, itolee kopi nyingine, ya kwanza ulale nayo. Ndugu yako akiwa mlangoni, msalimie, cheka naye, uliza habari za watoto, kisha umwombe muhuri. Akinuna, kununa kutamwisha.

Mungu akupe uso usioona haya mbele ya meza yoyote. Jina lako na lionekane kila litakapotafutwa, na mtu wako asikawie ndani kwa sababu ya aibu yako.