Nilivyosikia Baridi kwa Kiingereza

Wiki jana nilipita shule yangu ya zamani, karibu na Kiganjo, nikakuta darasa letu la mbao limebomolewa na mahali pake pamejengwa la mawe. Wewe uliyesoma huku kwetu unaijua baridi ya Julai. Ukungu hauondoki hadi saa nne, na upepo ulikuwa ukipenya katikati ya mbao zile. Nyanya yangu, ambaye tulimwita cucu, alinipa uji moto wa wimbi kila asubuhi, lakini nikifika shuleni vidole vilikuwa vimeshakufa ganzi.

Siku moja mwalimu wetu wa darasa la nne aliniuliza mbona siandiki. Sisi wanafunzi hatukuruhusiwa kusema Kiswahili darasani, basi nikasimama nikasema, "Teacher, I am hearing cold."

Mwalimu alicheka, na darasa zima likamfuata.

"Ati unaisikia? Hebu tuambie, inasema nini?"

Kisha akatueleza: masikio ni "hear", mwili ni "feel". Ningejuaje? Nyumbani tulisikia wimbo, tukasikia njaa, tukasikia harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yakichemka, na maumivu ya jino, yote kwa kitenzi kimoja. Tangu siku hiyo, kila niliposimama, wenzangu walitega masikio kwa viganja. Nikaacha kusimama.

Wiki chache baadaye kifua kilianza kunichoma nikiwa darasani. Nilitafuta lile neno sahihi, likanitoroka. Lile lingine niliogopa kulitamka kuliko nilivyoogopa homa. Nikanyamaza. Wakati wa mapumziko nilianguka uwanjani, nikapelekwa hospitali. Ilikuwa nimonia.

Jioni mwalimu alikuja wodini na chupa ya maziwa, akamkuta cucu kando ya kitanda changu. Cucu, ambaye hakujua habari za Kiingereza chetu, akamuuliza, "Mwalimu, kwani huko shule hamuulizi watoto wanasikiaje?"

Mwalimu aliangalia sakafu. "Nilimcheka, cucu," akasema. "Nasikia aibu."

Nilivuta blanketi usoni. Nami niliona haya, kana kwamba nimemshtaki.

Hakunicheka tena. Alistaafu akarudi kwao Murang'a, na cucu tulishamzika. Mimi Kiingereza ndicho kinachonilisha sasa. Lakini daktari akiniuliza naumwa wapi, uso bado hupata moto nikichagua kitenzi.