Namba za Joanitha

Joanitha alikuwa na miaka kumi na tisa saratani ya mfupa ilipomkamata gotini. Siku ya kutoka hospitali, Bukoba, muuguzi Edvina alimpa simu yenye programu ya kuandikia maumivu: sifuri hadi kumi, kila asubuhi. Namba ikivuka sita, Edvina angepiga simu amwongezee mofini, dawa ya kutuliza maumivu, au amwite wodini.

Nyumbani kwao Kishanda mtandao ulipatikana kilimani tu, na mguu haukumruhusu kupanda. Alikuwa yatima, akiishi kwa baba yake mdogo, Protase, aliyeitwa Ta Protase kwa heshima. Basi kila asubuhi alimtajia namba, naye akapanda na simu kuituma.

Wiki ya kwanza alisema saba. Edvina akapiga Ta Protase akiwa bado kilimani, akataka aletwe Bukoba. Safari ilimlia Ta Protase siku tatu, na kahawa ilikuwa imeiva shambani. Waliporudi, Joanitha alimtajia nane. Ta Protase akapanda kilimani, akabonyeza sifuri.

Alibonyeza sifuri siku ishirini na sita.

Edvina alifurahi. Akaagiza zahanati ya kijiji, iliyompa dawa, ipunguze mofini, kisha akaikatisha. Joanitha sasa alisema tisa kila asubuhi, na hakuna aliyepiga. Akaamini kwamba muuguzi anazisoma namba zake, ila amemchoka. Akawa anauma kitenge, asimuulize mtu.

Mwishowe Edvina alikuwa na kazi Muleba, akapita kumpongeza. Alimkuta kwenye mkeka, goti limevimba kuliko kichwa, midomo imechanwa na meno yake mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

Joanitha alitoa kitenge mdomoni. "Nilikuambia tisa kila siku."

Edvina akamwonyesha namba zilizomfikia kwenye simu yake. Joanitha alizisoma sifuri zote, moja baada ya nyingine, kisha akageukia ukuta. Ta Protase, akiwa mlangoni na kikapu cha kahawa, alisema kuandika hakuondoi maumivu, na mvua ilikuwa karibu kunyesha.

Mofini ilirudishwa. Joanitha aliitumia siku kumi na moja, akafa mchana, peke yake, watu wakiwa shambani.

Mazishini Ta Protase alisimama akasema binti yake alikuwa mvumilivu, hakuwahi kulalamika. Wazee wakaitikia kwa heshima. Edvina alikuwa amesimama nyuma, kwenye migomba. Alitaka kusema habari za zile sifuri, akashindwa. Aliyeikatisha dawa alikuwa yeye.