Kitambaa cha Nongo

Nilipokuwa na miaka tisa, Jumamosi moja ya baridi kali, saa tisa na robo alasiri, niliweka chini kitambaa nilichokatazwa kukiweka chini. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuchungulia saa ya ukutani kwa mara ya nne, nikisubiri pilau ipakuliwe.

Siku hiyo mama yangu alimwandalia rafiki yake Salma sherehe ndogo ya wanawake, nyumbani kwetu Mbeya, wiki moja kabla ya ndoa. Wenzao walikuwa wanakodi ukumbi kwa kicheni pati, na muziki unasikika mtaa mzima. Salma hakutaka. Wachumba wawili walikuwa wamemwacha, mmoja baada ya posa kujibiwa. Huyu wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa mchele wa Ubaruku, mtu mtaratibu.

"Shoga yangu, safari hii tufanye kimya kimya," alimwambia mama. "Watu saba wanatosha."

Salma hakuwa na mama mzazi wa kumfunda. Kwa hiyo mama alimwita bibi yangu kutoka Iringa aje awe somo wake. Ukoo wa Bibi ulitoka pwani zamani kwa biashara, na Bibi alishika mambo ya kwao kama alivyoshika sala. Alikuja na mkoba wa liwa, karafuu na mawaridi makavu. Alivisaga pamoja na mchele, akavikanda kwa maji ya waridi. Hiyo ndiyo singo. Mwali husuguliwa nayo mwili mzima, na vile vipande vinavyodondoka pamoja na ngozi iliyochakaa huitwa nongo.

Bibi alinivuta pembeni.

"Nongo ya mwali ndiyo mwali mwenyewe," alisema. "Akiipata mwenye kijicho, ndoa haikai na tumbo halishiki mimba. Wewe bado mdogo, mkono wako safi. Utaishika mpaka tukaitupe kwenye maji yanayotembea. Usiiweke chini, usimpe mtu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Salma alisuguliwa mikono na miguu kwanza. Bibi alikusanya nongo katika kitambaa cheupe, akakifunga fundo kwa mkono wake mwenyewe, akanikabidhi. Wanawake walikuwa wanacheka.

"Mume akirudi," Bibi alimwambia Salma, "usimpokee kwa maswali kama trafiki."

"Na akirudi alfajiri je?" aliuliza mmoja.

"Hapo wawe trafiki wawili!" Bibi alijibu.

Maneno yalipozidi umri wangu nikaambiwa, "Mtoto, toka kidogo." Nikatoka uani na kitambaa changu, nikasimama karibu na jiko la pilau.

Nataka niseme kweli hapa, kwa sababu nilichelewa sana kuisema. Harufu ya kile kitambaa ilinishinda. Nilifungua fundo ninuse. Nikanusa, nikakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, mara moja tu, nikanyoosha vidole kwenye moto. Nilipogeuka, tetea wa jirani alikuwa juu ya kinu akidonoa. Ndani ya singo mlikuwa na mchele. Nilimpigia ukelele, akaruka na kitambaa kimenasa kwenye kucha, akapenya kwenye uwazi wa ua hadi kwao.

Kwao ni kwa Mama Atu, mjane wa Kinyakyusa aliyekuwa anauza maparachichi mbele ya nyumba yake. Hakualikwa siku ile, si kwa ubaya, ila watu walikuwa saba tu. Nikamsikia anaongea na kuku wake. Halafu akazunguka, akaingia chumbani kwa mlango wa nyuma na kitambaa mkononi, nami nikamfuata.

"Hodi jamani. Chenu hiki? Kuku ameniletea."

Bibi alikipokea kitambaa, akakikunjua. Kitupu.

"Kuku," alisema Bibi.

"Ndiyo mama, kuku wangu mwekundu. Ana tabia mbaya."

"Fundo nilifunga mimi. Kuku wako anafungua mafundo?"

Mama Atu alitabasamu kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaziangalia nyuso moja moja, na tabasamu likafutika. "Kyala wangu!" alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Mama, nimeokota kitambaa tu."

Bibi akanigeukia. "Wewe. Ulilifungua hili fundo?"

Nikatikisa kichwa. Nilitikisa kichwa mara mbili.

"Mmeona," alisema Bibi.

Mama akasema, "Mama, tafadhali." Hakuna aliyemsikiliza. Wageni wawili walikwisha kusimama wamtoe nje. Mama Atu alikuwa amebana mikono kwapani kama mtu anayesikia baridi, na alikuwa ananitazama mimi.

Ndipo Salma akatoka nyuma ya pazia na kanga moja, singo imemkaukia usoni. Mwali hatakiwi kutoka.

"Bibi, umebakiza mgongo wangu," alisema. "Mama Atu, nawa mikono uje unisugue wewe."

"Salma! Unajua unachofanya?"

"Sijui, Bibi. Lakini siwezi kuolewa nikiwa nimemfukuza jirani namna hii."

Mama Atu alinawa. Alimsugua mgongo wote huku machozi yanamdondoka, na hakuna aliyetania tena. Nongo ile ya mgongoni Bibi aliikusanya mwenyewe, akaenda nayo mtoni mwenyewe. Mimi hakunipa tena.

Salma aliolewa. Mimba ya kwanza ikaharibika, na ya pili. Habari ilipofika Iringa, Bibi alisema kwenye simu, "Niliwaambia." Maneno kwamba Mama Atu aliichezea nongo yalianzia kwetu, yakatembea. Watu wakaacha kununua maparachichi kwa Mama Atu. Akina mama waliwaita watoto wao wakimwona anapita. Mimi nilikuwa nazunguka njia ya nyuma nikienda madrasa, nisikutane na macho yake. Kila Ramadhani niliapa nitasema, na kila Idi ilinikuta sijasema. Mimba ya tatu ikakaa, na yule mtoto wa Salma leo ni kijana wa sekondari. Ungedhani maneno yangeishia hapo. Hayakuisha. Bibi alifariki akiyaamini.

Mwezi uliopita Salma naye alitutoka, baada ya kuugua muda mrefu. Tulimzika Ubaruku, na hitma tukaisoma kwetu Mbeya. Mama Atu alikuja akitembelea fimbo, akakaa karibu na mlango. Niliwaona wanawake wawili wakisogeza mkeka wao mbali naye.

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. "Mama, lile fundo nililifungua mimi. Nilitaka kunusa."

Aliegemeza fimbo yake ukutani.

"Unaniambia mimi?" alisema. "Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikulifungua. Waambie hao."

Nikasimama nikawaambia. Mama yangu alifunika uso kwa mtandio. Mmoja alisema, "Astaghfirullah." Wale wawili wa mkeka hawakurudi karibu, walitazama chini. Mama Atu aliomba chai, mama akamletea kwa mkono wake.

Nimefundishwa kwamba uhai na uzazi viko mkononi mwa Mwenyezi Mungu, wala sidhani kuku anaweza kudonoa riziki ya mtu. Lakini kutikisa kichwa kwangu kulimla mtu miaka mingi, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Hofu yangu ya kuchapwa niliiita heshima kwa Bibi. Salma hakujua ukweli zaidi ya wengine mle chumbani, na bado alijua la kufanya.

Ee Mola wetu, mrehemu Salma, umsamehe makosa yake, ulipanue kaburi lake na ulitie nuru, na umlinde kijana wake. Mrehemu na bibi yangu, umsamehe kwa alichokidhania. Waweke wote wawili mahali pema, nasi utukutanishe nao tukiwa na ndimi za kweli. Amin.