Wanaume Wanne, Mmoja Wao Kavuo

Ujumbe wa sauti ulimkuta Kavuo juu ya jukwaa la miti, mwiko mkononi, ukuta ukimfikia kifuani. Ulitoka kwa Léa, binamu yake wa Beni, ambaye hata habari ya bei ya chumvi huitoa kwa kelele.

"Kavuo! Kampuni ya Uganda inakuja kujenga depo ya kakao hapa kwetu. Kesho kutwa asubuhi banachagua batu. Injinia alisema kwa Kiingereza, nilisikia na masikio yangu mwenyewe: banatafuta foman. Foman, ninakuambia! Kuja!"

Kavuo aliusikiliza tena, akashuka, akausikiliza mara nyingine akiwa chini, kana kwamba chini neno lingeeleweka vizuri zaidi. Foman. Hakulijua. Lakini tayari alikuwa akihesabu nauli ya Beni.

Kavuo ni mwanamke, na ni mwashi. Alianza kwa kuwabebea mafundi maji, akapewa mwiko siku fundi mmoja alipougua, na hakuurudisha. Sasa ana kikosi cha watu watatu: Kitsa mwenye maneno mengi, Gamaliel anayeimba besi kwenye kwaya ya Waprotestanti, na Ésaïe aliye mdogo kuliko wote. Katika Butembo nzima, anayeongoza waashi huitwa kapita, na kapita wa kikosi hicho ni Kavuo. Tatizo ni kwamba wenye nyumba hawataki kuliona hilo. Mteja akifika humpita Kavuo kama anavyopita rundo la mchanga, akaenda moja kwa moja kwa Kitsa: "Kapita, ukuta utaisha lini?" Kitsa humwonyesha Kavuo kwa kidole, mteja hucheka, kisha huuliza tena. Kavuo alikuwa na hamu moja tu: patron mmoja mwenye kazi, walau mmoja, amwite kapita bila mtu mwingine kumwonyesha kwa kidole.

Jioni aliipeleka simu kwenye darasa la Kiingereza, kule mtaani Kimemi. Butembo watu hujifunza Kiingereza kama wanavyonunua mwavuli: hujui safari itakuja lini, ila hutaki ikukute mikono mitupu. Wanafunzi wengi wa Mwalimu Onésime ni wafanyabiashara wanaoota Kampala na Dubai. Juma hilo mwalimu alikuwa amefundisha kitu alichokipenda kuliko vyote, yaani kwamba *man* akiwa mmoja ni *man*, wakiwa wengi ni *men*, na atakayesema *mans* atalipa soda.

Onésime aliiweka simu sikioni, akafumba macho, akayafumbua yakiwa yanang'aa.

"Fo men!" Akageukia ubao na kuandika kwa herufi kubwa: FOUR MEN. "Four, ine. Men, banaume. Banatafuta banaume bane. Muliona? Huyo injinia hakusema mans!"

Darasa likapiga makofi. Kavuo hakupiga.

Kesho yake aliwaambia wenzake wakichanganya simenti. Kitsa alihesabu kwa vidole. "Mimi, Gamaliel, Ésaïe. Tuko batatu. Donc inabakia moja."

"Na huyo wa ine ndiye atakuwa kapita wetu?" Ésaïe aliuliza, bila ubaya wowote.

Sepetu zikasimama. Kavuo akawatazama mmoja baada ya mwingine. Basi hata hawa watatu, watu wake mwenyewe, angeweza kuwapoteza kwa sababu ya neno la Kiingereza!

"Mais wa ine si iko hapa?" Kitsa akasema. "Anabeba mifuko ya simenti kama sisi. Anakula kama sisi. Anatukana kama sisi."

"Mimi natukana?"

"Leo asubuhi uliniita mbuzi."

"Ulikuwa umepanga matofali kama mbuzi, Kitsa."

Gamaliel alikohoa kwa sauti yake ya besi. "Kudanganya, hapana."

"Hatutadanganya," Kavuo akasema, na msisimko ukamrudia wote kwa pamoja, kama maji yaliyofunguliwa bomba. "Tutasema tuko four men. Akihesabu, nitamuelezea. Mbele ya yote, tufike!"

Wakaondoka Alhamisi alfajiri kwa taksi, pima maji na timazi zikiwa magotini. Njia nzima ya Beni walikariri: *Wi a fo men. Wi a fo men.* Gamaliel akaitia sauti, ikawa karibu wimbo, na dereva akaidaka. Kwenye kizuizi askari aliinama dirishani akauliza kwa Kilingala wanakokwenda, "Bozokende wapi?" Ésaïe, kwa wasiwasi, akapayuka: "We are four men!"

Askari akamulika ndani kwa macho. Mwanaume, mwanaume, mwanaume. Akafika kwa Kavuo. "Mama oyo mpe?" Yaani, na huyu mama je?

"Mimi ndiye wa ine," Kavuo akajibu.

Askari akacheka mpaka akasahau kudai vitambulisho, akawapungia mkono wapite. Kavuo alikaa wima zaidi kitini. Kama jibu hilo lilipita kizuizini, huenda lingepita popote.

Uwanjani Beni wanaume wengi walikuwa wamekaa juu ya matofali wakisubiri. Mlango wa gari la kampuni ukafunguka, zikatangulia kushuka buti za mpira zenye tope, kisha kofia ngumu ya njano, na chini ya kofia hiyo, mwanamke. Ndiye injinia. Kavuo alimbana Kitsa mkono hadi Kitsa akaguna.

"Good morning. Who is here for foreman?"

Neno lilikuwa lile lile. Kavuo akasimama, na watatu wake wakasimama nyuma yake. "Good morning, madam. We are four men."

Injinia akawahesabu kwa vidole, mmoja mmoja. "I see three men."

"Yes. Three men, and me. I am the four."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata waliokuwa hawajui Kiingereza walicheka, maana vidole vya injinia vilivyohesabu watu vilieleweka kwa lugha zote. Kitsa akamnong'oneza Gamaliel kwa Kinande, lugha yao ya nyumbani, kwamba mambo yameisha, watafute ndizi warudi nyumbani.

"Ndizi za nini, mjomba?" injinia akamuuliza. "Mbona mapema?"

Alikuwa amesema kwa Kikonzo, lugha ya ng'ambo ya mpaka ambayo ni ndugu wa tumbo moja na Kinande. Injinia akasema anaitwa Biira, mtu wa Kasese, na akamtaka Kavuo aeleze upya, polepole, hiyo habari ya watu wanne. Kavuo akaeleza yote: Léa, simu, ubao wa Mwalimu Onésime. Kabla hajamaliza Biira alikuwa ameshika magoti kwa kicheko.

"Si four men, dada. Ni foreman. Neno moja, mtu mmoja. Ni yule anayeongoza mafundi."

Kavuo akadakia: "Yaani kapita?"

"Kapita!"

Kwa hiyo hawakutafutwa wanaume wanne. Alitafutwa yeye! Kavuo alitaka kuruka, lakini mwanaume mmoja wa Oicha, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alikuwa ameshainua mkono.

"Mais madame, neno lenyewe linasema man. Fore-man. Huyu mama, man yake iko wapi?"

"Man yangu?" Kavuo akageuka. "Niko nayo tatu. Zimesimama pale."

Safari hii kicheko kilikuwa chake. Mtu wa Oicha mwenyewe alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Hata mimi kazi yangu ya kwanza niliandikwa foreman," Biira akasema. "Mama yangu aliposikia alidhani nimepata mchumba anaitwa Foreman. Akauliza ni wa ukoo gani." Akasubiri kicheko kipungue. "Waingereza walilishona hilo *man* nyuma ya kazi nyingi, sasa wengine wanafumua mshono. Lakini ukuta hausomi neno. Kila anayetaka kazi anijengee kona moja."

Kavuo alivaa ovaroli juu ya kitenge chake, akavuta uzi, na mikono ikajua la kufanya. "Ésaïe, maji! Gamaliel, tofali la kona. Kitsa, hapana kuongea."

"Sijaongea!"

"Ulikuwa unataka."

Upande wa pili mtu wa Oicha alikunja mikono ya shati lake safi na kujenga vizuri, kwa haraka. Lakini wasaidizi wake walimwuliza kila kitu mara mbili. Watu wa Kavuo walikuwa wakinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Kona ilipofika kiunoni Biira akaishushia timazi, akachuchumaa. Uzi ulisimama sambamba na ukuta kutoka juu hadi chini. Kisha akawauliza wale watatu kwa ghafla, "Kapita wenu ni nani?"

Vidole vitatu vikamwelekea Kavuo. Alikuwa ameshavichoka vidole hivyo kwa miaka, lakini leo hakuna aliyecheka wala kuuliza mara ya pili.

"Basi, Kapita," Biira akasema, "kazi ni yako, na watu wako ni wako."

Kavuo akafunika uso kwa mikono yenye simenti, akaufunua ukiwa mweupe kama wa mwali, akapiga kigelegele kilichowatoa wachuuzi wa kakao mpaka barabarani.

Biira alichukua kofia ya njano na kalamu nene. "Niandike nini? Foreman? Kuna wanaosema forewoman. Siku hizi wengi wanaandika supervisor, hawamtaji mwanaume wala mwanamke."

Kavuo akafikiri. La kwanza lingempa *man* asiyemhitaji. La pili lingemtangaza kuwa mwanamke kwa watu wenye macho. La tatu lilikuwa zuri, ila Kitsa asingeweza kulitamka.

"Andika Kapita," akasema. "Hilo linataja kazi tu."

Asubuhi iliyofuata dereva wa lori kutoka Kampala, asiyejua neno la Kiswahili cha Kongo hata moja, aliisoma kofia, akadhani mwandishi amesahau herufi ya mwisho, n. Akasimama wima, akapiga saluti.

"Good morning, Captain!"

"Good morning," Kavuo akajibu, kwa Kiingereza kisichotetemeka.

Nyuma yake Kitsa aliangusha tofali. "Captain! Jana tu ulikuwa mwanaume wa ine."

"Kitsa," Captain akasema, "simenti inakauka."