Taa Niliyoikariri

Kosa ni langu. Nalisema leo kabla mtu mwingine hajalisema.

Mimi ni Mkenya, dereva wa familia moja mtaa wa Nuzha, Jeddah. Kuna njia panda ninayopita kila siku. Pale kila upande hupewa taa ya kijani peke yake, kwa zamu. Nikaikariri ile zamu kama sala: wa kulia wakisimama, ni sisi. Basi nikawa singoji tena. Nikiona wa kulia wanafunga breki, nakata kushoto taa yangu ikiwa bado nyekundu, najiona dereva kweli kweli. Kiburi tu, jamani!

Tena kwetu Kenya kukata kushoto hakuna kazi. Unafuata ukingo wa barabara, unatazama kulia, unaenda. Huku tunaendesha upande wa pili, kwa hiyo ukikata kushoto unawakatiza wanaokuja mbele yako. Kichwani nalijua hilo. Shingo yangu ndiyo haijawahi kuhama Kenya.

Juzi juzi zamu ya zile taa ikabadilishwa. Sikujua. Nilikuwa natoka sokoni na Nekesa (si jina lake), Mkenya mwenzangu anayefanya kazi za nyumbani kwa madam, mke wa bosi wangu. Alikaa nyuma, upande wa kulia.

"Kaka, si hiyo bado ni red? Ngoja."

"Tulia, hii taa naijua."

Wa kulia wakasimama. Nikaingia, macho kulekule kulia. Kumbe safari hii waliopewa njia ni wa mbele yetu. Gari likatugonga mlangoni kwake. Mimi sikupata hata mkwaruzo.

Ubaya wenyewe unakuja sasa. Hospitalini bosi aliniuliza kwa nini niliingia na taa nyekundu. Nekesa yuko kwenye mashine, hajitambui.

"Bosi, ni yeye. Alikuwa ananiambia yalla, yalla, niharakishe. Nikachanganyikiwa."

Mtu hawezi hata kufungua macho, nami namtwika mzigo wangu! Madam akasema akipona atarudishwa Kenya, halas, yamekwisha.

Tangu hapo naogopa asiamke. Na Mungu anisamehe, nimeogopa pia aamke. Nikifika pale njia panda, taa inakuwa kijani na mguu unakataa kukanyaga. Nyuma wananipigia honi.

Leo asubuhi, nikiwa kwenye usukani, madam akaniambia Nekesa ameamka. Nikauliza amesema nini.

Akasema swali lake la kwanza lilikuwa kama dereva ni mzima.

Jioni bosi ananipeleka kumwona. Nitasema ukweli mbele yao wote, hata wakinifutia ikama, kibali changu cha kuishi huku. Nimewaandikia nyinyi kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Madereva wenzangu wa Riyadh na Jeddah, taa haikaririwi. Ngoja yako iwake, kisha utazame mbele. Na aliye nyuma akikwambia ngoja, tafadhali ngoja.