Kichungi Chembamba cha Baba

Juzi hapa Nyeri baridi ilipozidi niliwasha hita iliyokuwa imekaa kabatini mwaka mzima, na vumbi lake likaanza kuungua. Wengine wakisikia harufu hiyo hukimbilia dirisha. Mimi nilikaa nikaivuta. Kwangu hiyo ni Jumamosi alasiri kule Mukurweini, nina miaka kumi, na redio ya Baba inapata moto.

Sisemi redio ya kusikiliza habari. Baba alikuwa mwalimu wa sayansi, na miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru alikuwa na leseni ya kuzungumza hewani na watu wa mbali wenye mitambo kama yake, kwa kupenda tu. Waya wa antena ulitoka kwenye mti wa mgrevilea hadi paa la jikoni, na Mama aliruhusiwa kuulaumu lakini si kuuanikia nguo. Kaka yangu mkubwa, Nderitu, alirithi wazimu huo. Alipokwenda kusoma Uingereza alijiunga na wapenda redio wa chuo chao, na kila Jumamosi saa kumi tulikuwa naye sebuleni, sauti tupu.

Kazi yangu ilikuwa kichungi. Mtambo ulikuwa na swichi ya kuzungusha yenye nafasi tatu: kichungi kipana, cha kati na chembamba. Kipana kilipitisha sauti ya mtu yote, kifua na pumzi, ila majirani wa hewani nao walipenya: miluzi, milio ya dit-dit-daa, mzee fulani akilalamikia mvua ya kwao. Chembamba kiliwafungia nje hao wote, lakini kilimpunguza na msemaji mwenyewe, akabaki kama aliyebanwa pua. "Anza na kipana," Baba alinifundisha. "Finya tu ukilazimika. Ukifinya bure unamnyang'anya mtu sauti yake." Niliishika sheria hiyo kuliko mwenye kuitunga.

Kisha Nderitu akanyamaza. Barua hazikuja. Jumamosi Baba alijifungia na redio peke yake, akatoka akisema hewa ni mbaya.

Cucu, mamake Baba, akaanza kukataa chakula. Nderitu alipewa jina la babu yetu, kwa hivyo kwa desturi yetu alikuwa mume wa Cucu. Alimwita "mzee wangu," na alikuwa akimgombeza kwa kuchelewa nyumbani tangu mwenzake akitambaa. Sasa aliamini kwamba Nderitu amekufa na sisi tunamficha. Hakuwa mjinga. Kwetu mtu mzee hapashwi habari za msiba ghafla. Watu huja wawili wawili, wakanywa chai, wakazungumzia ng'ombe, mpaka mwenyewe aelewe. Cucu alikuwa ameongoza chai za namna hiyo mara nyingi. Mgeni akipiga hodi tu, alishika kifua.

Jumamosi moja Baba akatuita sote. Cucu akaletwa ameshikwa mkono, amekonda hadi leso inamteleza kichwani, akaketishwa mbele ya mtambo. Hewa ilikuwa safi ajabu, hakuna hata mluzi mmoja. Sauti ikatoka, nyembamba kama uzi: "Cucu, ni mimi. Niko salama."

"Huyo si mzee wangu," Cucu akasema. Nyumbani tuliongea Kikuyu, nawatafsiria. "Ati niko salama! Hayo hata kasuku anaweza kufundishwa. Mmetafuta kijana mkamweka ndani ya debe." Akaanza kuinuka, machozi yakimtiririka, na hapo Mama naye akaanza kulia.

Nikatazama swichi. Chembamba! Hewa safi namna hii, na Baba ameweka chembamba. Nikafikiri wasiwasi umemsahaulisha sheria yake mwenyewe. Nikanyoosha mkono, nikaizungusha hadi kipana.

"Wambui, wacha hiyo kitu!" Baba alinifokea, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. Mkono wake ulikuwa njiani kuirudisha, lakini Cucu aliukamata. Nderitu alikuwa amejaa chumba kizima, ile sauti nzito ya babu. Akavuta pumzi, akakohoa, akacheka kidogo. "Mke wangu, leo umenipikia nini?"

Cucu alikisikiliza kikohozi kilichofuata mpaka kikaisha, bado ameshika mkono wa mwanawe. "Ndiye," akasema. Halafu akainamia maikrofoni: "Mzee wangu, wacha kuongea. Rudi ulale, na ujifunike kifua vizuri."

Nilicheka sana, kwa sababu hata huko kulikuwa mchana. Jioni hiyo Cucu alikula mukimo akaomba na mwingine, na mimi nikatembea wiki nzima nikijiona daktari.

Nilikuwa nimeshazaa wawili ndipo Nderitu, siku hizi ana kitambi na mvi, aliponieleza. Miezi ile alikuwa hospitalini, amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu, na kuna wiki ambazo hakutegemewa kupona. Wenzake wa redio walimpasha Baba habari kila Jumamosi, mlango ukiwa umefungwa. Siku ile Nderitu alikuwa ametoka kitandani bila ruhusa ili aongee na Cucu. Baba hakuwa amesahau chochote. Alichagua kichungi chembamba kwa makusudi, ili mamake asikie maneno bila kuisikia ile pumzi ya kukwaruza.

Niliona aibu, kisha nikamkumbuka Cucu. Jumamosi zote zilizofuata Baba alirudisha chembamba, na mimi sikuthubutu kuigusa swichi. Cucu alikuja, akaketi, akaisikiliza ile sauti ya debe, wala hakulalamika tena. Ikiisha alimgeukia Baba na kumwambia, "Leo nimemsikia vizuri. Sauti imenenepa." Kila mara Baba alishusha pumzi, akammiminia chai. Wote wawili wametangulia sasa, na nina hakika Baba aliondoka akiamini kwamba mamake hakuwahi kujua.