Mshono wa Ukoka

Jina la Fuko alipewa na mafundi bomba wenzake, kwa sababu ukimwachia uwanja wa nyasi asubuhi, jioni unamkuta chini yake. Yeye ndiye huchimba mitaro ya mabomba ya kumwagilia, yale yanayozikwa na kuchomoza vichwa wakati wa maji tu. Wengine hukodi mashine, ikautifua ukoka kama nguruwe aliyefunguliwa. Fuko ana sepetu, kamba, vigingi viwili na maringo.

Maringo yenyewe si ya bure. Ukoka huukata vipande, akavikunja kama mikeka na kuvilaza kivulini. Udongo wa juu huuweka kwenye turubai moja, wa chini kwenye turubai jingine, maana ukiuchanganya nyasi zitakununia mwaka mzima. Bomba likishalala hurudisha kila kitu kwa zamu yake, akishindilia kwa mguu tabaka kwa tabaka. Baada ya wiki mbili mwenye nyumba hawezi kukuonyesha mtaro ulipita wapi.

Hapo ndipo penye shida. Mama yake, Bi Sindano, alikuwa mshonaji, tena si wa kubahatisha. Hamsifu mtu mpaka ageuze nguo aone upande wa ndani. Harusini aliwahi kuipindua kola ya bwana harusi, na bwana harusi yumo. Alitaka mwanawe arithi cherehani, mwana akachagua sepetu. Huu mwaka wa ishirini na mbili, watu wakimuuliza mwanao anafanya kazi gani, hujibu, "Anachimbachimba." Neno hilo lilimchoma Fuko kuliko jua la mchana. Hakutaka makubwa. Alitaka mama akubali, mara moja tu, kwamba na huo nao ni ufundi.

Macho ya Bi Sindano yakaanza kuingia ukungu, na Fuko akampeleka kliniki ya macho. Uwanja wa mbele wa kliniki hiyo alikuwa ameuchimba yeye, wiki tatu tu zilizopita. Walipotoka, mama amevalishwa miwani mikubwa ya giza, uzalendo ukamshinda Fuko.

"Mama, hii hapa ndiyo kazi yangu."

"Ipi?"

"Chini ya hizi nyasi kuna mitaro mitatu."

"Mimi naona nyasi."

"Ndiyo kazi yenyewe, Mama. Isionekane."

Bi Sindano akaguna. "Kizuri chajiuza, mwanangu. Chako kimezikwa."

Mlinzi wa getini alicheka mpaka kofia ikamteleza. Fuko damu ikampanda. "Basi utafute! Ukipata mshono hata mmoja, kesho nakaa kwenye cherehani."

Alipokwisha kusema ndipo akaikumbuka kona ya ukutani, ambayo aliimaliza mbiombio mvua ikimpiga mgongoni. Lakini neno likishatoka limetoka.

"Macho yangu mabovu," mama akasema, akimtundikia mkoba begani na kuvua viatu, "lakini vidole sikuvileta kutibiwa." Akapiga magoti.

"Bibi, nyasi hizi haziruhusiwi kukaliwa," mlinzi akasema.

"Kwani nimekaa?"

Bi Sindano akaanza kupapasa, polepole, kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Alitenganisha majani, akabonyeza, akasogea kwa magoti. Akasogea tena, moja kwa moja kuelekea kona ya ukutani. Fuko alitamani kumvuta mkono. Vidole vikasimama, vikarudi nyuma, vikabonyeza mara mbili.

"Huu hapa!" mama akapaza sauti. "Pamebonyea. Mwanangu, cherehani inakusubiri."

Fuko akainama kutazama, kisha akashusha pumzi. "Hapo sijagusa, Mama. Hapo palikuwa hivyo tangu zamani. Mtaro umepita hapo ulipopiga magoti."

Bi Sindano akageukia mlinzi. Mlinzi, mkono kifuani, akasema, "Haki ya nani, Bibi, nilimwona kwa macho yangu. Hapo hapo."

Mama akajisogeza pembeni. Akapapasa alipokuwa amepiga magoti, akaenda mbele, akarudi, akavua miwani akainamisha uso mpaka pua ikagusa majani. Mshono hakuupata.

"Bomba limeingia," akasema hatimaye, taratibu. "Limekula nafasi. Kwa hiyo udongo ulizidi. Mimi kitambaa kikizidi nakikunjia ndani. Wewe, ulipunguzia wapi?"

Katika maisha yake yote Fuko hakuwahi kumsikia mama akimuuliza mtu yeyote kazi inafanywaje. Hakujali mlinzi akimwona. Akapiga magoti kando yake, mkoba bado begani, akaanza kumweleza tangu kigingi cha kwanza, na mama hakumkatiza hata mara moja.